Mahali Palipotengwa na Watu Waliotengwa

Katika lugha yetu ya Kiswahili liko neno linalobeba mambo mawili yasiyofanana. Neno hilo ni kutenga. Tunatenga sadaka, tunatenga siku ya Bwana, tunamtenga mtumishi kwa kumwekea mikono. Hapo kutenga ni kuheshimu: kitu kinaondolewa katika matumizi ya kila siku ili kiwe cha Mungu. Lakini washarika wetu wanalijua neno hilo kwa maana nyingine pia. Tukisema fulani ametengwa, hatusemi kwamba ameheshimiwa. Tunasema kwamba hashiriki Meza ya Bwana mpaka atakaporudishwa kundini. Neno ni lile lile, lakini mmoja linamwinua na mwingine linamweka nje.

Tumeanza na neno hili kwa sababu siku hizi limeingia baharini. Katika pwani yetu yako maeneo ya bahari yanayoitwa maeneo tengefu. Tanzania inayo sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu tangu mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hayo ni ya serikali. Yako pia maeneo ambayo wanakijiji wenyewe wameyafunga. Humo havui mtu, lakini mgeni anaruhusiwa kuingia na miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, atazame samaki na matumbawe, kisha atoke. Swali letu ni hili: je, ni haki mbele za Mungu kwamba mvuvi mwenye njaa akatazwe kutega mahali ambapo mgeni aliyeshiba anaruhusiwa kuogelea? Kutenga huku ni kupi, kule kwa madhabahuni au kule kwa nje ya kundi?

Kwanza tukijue kinachotengwa. Wengi wetu tuliokulia bara tunadhani matumbawe ni mawe, na hata watu wa pwani wameyachimba kwa vizazi vingi kujengea nyumba na kuchomea chokaa. Kumbe ni viumbe hai. Kila tumbawe ni jamii ya wanyama wadogo wadogo wanaojijengea makao ya chokaa juu ya makao ya waliowatangulia. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na ndiyo maana mwamba hutaka maji maangavu. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Basi tumbawe lenye kimo cha mtu mzima lilianza kukua kabla wamishenari wa kwanza wa Kilutheri hawajafika Dar es Salaam mwaka 1887. Baruti ya mvuvi mmoja hulivunja kwa dakika moja. Pezi la mguuni la mgeni asiyejua kuogelea hukata tawi lililochukua miaka kuota.

Samaki nao wana kazi zao hapo. Pono hukwangua mwani juu ya mwamba ili matumbawe yasifunikwe, na chokaa anayoimeza hutoka ikiwa mchanga; sehemu ya mchanga mweupe tunaoukanyaga ufukweni imepita tumboni mwake. Wanaosema mtu amelala kama pono wanasema kweli, maana samaki huyu hulala fofofo usiku katika nyufa za mwamba, na mwenye tochi na mkuki humpata bila taabu. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakishakuwa wakubwa baadhi yao hugeuka madume. Tena jike mmoja mkubwa hutaga mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa kwa pamoja. Ukiwavua wakubwa wote, umeondoa kwa mkupuo mmoja baba na mama wa kizazi kijacho. Hii ndiyo sababu ya kutenga mwamba: kuwapo mahali ambapo wakubwa wanabaki, wakataga, na watoto wao wakasambaa hadi kwenye mwamba wa jirani ambako kuvua kunaruhusiwa.

Anayeingia humo kwa mara ya kwanza hupata somo ambalo mahubiri hayalifikii upesi. Juu ya maji haoni kitu ila mawimbi. Anapoinamisha uso tu, ulimwengu mzima unafunguka chini yake: samaki wa manjano na buluu kwa makundi, pweza akibadilisha rangi, chewa ametulia pangoni. Hawezi kusema, kwa kuwa mrija uko kinywani. Hatakiwi kushika kitu wala kusimama juu ya mwamba. Anaelea tu, anapumua na kutazama. Katika Kanuni ya Imani tunakiri kwamba Mungu ni Muumba wa mbingu na nchi. Hapa mtu anakutana na sehemu ya uumbaji ambayo iliendelea kupendeza miaka yote bila yeye kuiona, na ambayo haikuumbwa kwa ajili ya macho yake. Ni vema kwa mwanadamu kulijua hilo.

Lakini tusiharakishe kumsifu anayetazama. Twende kwanza kwa aliyeacha kuvua.

Kuruwitu, karibu na Vipingo katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ni mahali panapofaa kulipimia swali letu, maana huko waliofunga bahari ni wenyeji. Wazee na wavuvi waliona samaki wakipungua mwaka hadi mwaka. Uvuvi ulikuwa umezidi uwezo wa bahari, na walikuwapo waliokusanya samaki wadogo wa rangi ili wakauzwe ng'ambo na kufugwa ndani ya vioo. Joto la bahari la mwaka 1998 nalo lilikuwa limeua matumbawe mengi katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2003 wakaunda chama chao, na mwaka 2005 wakatenga kipande cha bahari cha takriban hekta 30. Nchini Kenya hilo huhesabiwa kuwa eneo la kwanza la matumbawe kutengwa na kusimamiwa na jamii yenyewe. Samaki walirudi, na leo wageni huenda kuogelea na kutazama.

Kwa watu wa pwani ile wazo la kutenga si geni. Wamijikenda wametunza misitu ya kaya kwa karne nyingi, na wazee ndio waliosema nani aingie na nini kisikatwe. Sisi hatushiriki matambiko yao. Hata hivyo tunaona kwamba watu wasio na maandishi wala askari waliweza kuhifadhi miti kwa sababu waliamini kwamba si kila kilichopo ni cha kuchukuliwa.

Sasa tusikilize pingamizi, tena tulisikilize kwa uzito wake. Mama anayefuata maji ya bamvua kwa miguu, na mkuki wake na ndoo yake, hana chombo cha kumpeleka mwamba wa mbali. Mwamba wa karibu ukifungwa, mwenye boti ya mashine anakwenda kwingine. Yeye anarudi nyumbani. Ukimwambia kwamba baada ya miaka michache samaki watakuwa wengi, atakuuliza watoto watakula nini wiki hii. Tena akitupa macho baharini anaona wageni wakielea pale pale alipokuwa akimtoa pweza, wakicheka na kupiga picha. Kwake samaki amegeuka picha ya mtu mwingine. Mama huyu akisema ametengwa, tutamjibuje?

Wako wanaomjibu kwa kusema kwamba hifadhi ni kitu kitakatifu na hana budi kuvumilia. Jibu hilo limesahau Maandiko. Tunakumbuka Musa penye kichaka kilichowaka moto, alipoambiwa avue viatu kwa kuwa mahali aliposimama palikuwa patakatifu (Kutoka 3:5). Kisomo hicho hupendwa na watu wa hifadhi, na kinafaa. Lakini tusiishie hapo. Mistari miwili mbele Bwana anasema kwamba ameyaona mateso ya watu wake na kusikia kilio chao. Mungu aliyesema mahali hapa ni patakatifu ndiye aliyesema kilio hiki nimekisikia, kutoka kichaka kile kile. Haiwezekani basi kwetu kuvua viatu kwa ajili ya matumbawe na kuziba masikio kwa ajili ya mama wa pweza.

Wako wengine wanaosema kwamba maskini asizuiwe kamwe, avue apendavyo, kwa kuwa bahari ni ya Mungu. Nao wamesahau Maandiko. Torati inamruhusu mtu aliyekuta kiota njiani achukue makinda, ila amwache mama aende zake (Kumbukumbu la Torati 22:6-7). Si sheria ya matajiri. Ni ya mtu yeyote apitaye njiani, hata mwenye njaa. Kula kumeruhusiwa, kumaliza chanzo cha chakula hakukuruhusiwa. Mwamba uliotengwa ni mahali ambapo kijiji kizima kimekubaliana kumwacha mama.

Na tuangalie mwaka wa saba. Nchi iliachwa ipumzike bila kulimwa, na Torati inataja waziwazi nani afaidike na pumziko hilo: kwanza maskini wa watu, kisha wanyama wa porini (Kutoka 23:11). Maskini hawakutajwa kama watu watakaoumia kwa ajili ya sabato ya nchi. Walitajwa wa kwanza katika orodha ya watakaokula. Hiki ndicho kipimo tunachokitafuta. Kutenga kwa Mungu hutambulikana kwa kumwangalia maskini yuko wapi katika orodha. Akiwa wa kwanza kufunga na wa mwisho kula, hiyo si sabato. Hilo ni shamba la Nabothi, lililochukuliwa kwa sababu lilimpendeza mkubwa (1 Wafalme 21), hata kama safari hii wanaopendezwa huja na miwani ya kuzamia.

Kuna mfano wa mbali unaotusaidia kuona jambo hili likitendeka. Ni wa visiwa viwili vya Ufilipino, nchi ya wavuvi wengi maskini kama pwani yetu. Kazi hiyo ilisimamiwa na Chuo Kikuu cha Silliman, kilichoanzishwa na wamishenari Wapresbiteri kutoka Marekani mwaka 1901, na aliyeiongoza alikuwa mwanabiolojia Angel Alcala, aliyefariki mwaka 2023. Katika kisiwa cha Sumilon kiasi cha robo ya mwamba kilitengwa tangu mwaka 1974. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, ulinzi ulivunjika na wavuvi wakaingia. Mtu angetarajia samaki wawe wengi zaidi sokoni, maana sasa mwamba wote ulikuwa wazi. Ikawa kinyume. Katika muda wa miaka miwili samaki waliopatikana katika mwamba mzima walishuka kwa zaidi ya nusu. Ile robo iliyofungwa ndiyo iliyokuwa ikizilisha zile robo tatu zilizo wazi.

Kisiwa cha pili ni Apo. Huko mazungumzo na wavuvi yalichukua kama miaka mitatu, na mwaka 1982 wakakubali kutenga sehemu ya mwamba yenye ufuko wa takriban mita 450. Watu wa kisiwa wenyewe walishika zamu ya kulinda. Eneo lile lilidumu. Wazamiaji walipoanza kuja kutoka mbali wakaleta fedha, na pia wakaleta kero, kwa kuwa waliwatibua samaki karibu na mitego; wenyeji wakawawekea mipaka. Kisha dhoruba za Desemba 2011 na Desemba 2012 zikauponda vibaya ule mwamba uliotengwa. Watu wa Apo wakaufunga hata kwa wageni ili upate kupona, ingawa wageni ndio waliokuwa wakilipa.

Tofauti ya visiwa hivi viwili haikuwa katika maji yake wala samaki wake. Ilikuwa katika watu. Apo, waliofunga ndio walioamua kufunga, ndio waliolinda, na ndio waliokula kwanza matunda ya kufunga kwao. Mfungo tunaoujua kanisani uko hivyo pia. Anayefunga kwa hiari mbele za Mungu anaitwa mcha Mungu. Anayenyimwa chakula na mwenzake anaitwa aliyedhulumiwa. Tumbo linahisi njaa ile ile, lakini mambo hayo mawili yako mbali kama mashariki na magharibi.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo lina masharti. Ni haki mvuvi azuiwe, ikiwa mvuvi huyo ni miongoni mwa waliozuia. Ni haki ikiwa mama wa pweza alikaa katika kikao na akasikilizwa, si mwenye boti peke yake. Ni haki ikiwa ipo njia ya kumvusha katika miezi ya kungoja. Katika baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba wamejaribu njia ya kufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache tu, kisha wakaufungua kwa siku iliyopangwa, kwa kuwa pweza hukua upesi na miezi hiyo inatosha kuongeza uzito wake. Hapo kungoja kunafanana na kungoja mahindi yakomae. Mtu maskini anaweza kuubeba mfungo wa namna hiyo. Pale ambapo hayo yote hayapo, tusiite hifadhi. Tuite kwa jina lake, kumfukuza mtu katika riziki yake.

Luther, akieleza amri ya saba katika Katekisimo Ndogo, hakuridhika kusema kwamba tusichukue mali ya jirani. Alitaka tumsaidie jirani mali yake na riziki yake vilindwe na kuongezeka. Tukiisoma amri ya Usiibe kwa namna hiyo, inawakuta wengi baharini. Inamkuta apigaye baruti, anayeiba samaki wa mtoto ambaye hajazaliwa. Inamkuta mwenye juya la macho madogo. Inamkuta pia mwenye hoteli anayeuza picha za mwamba ambao wanakijiji wameulinda, bila kuwapa chochote. Na inatukuta sisi tunaokwenda huko kwa mapumziko.

Vijana wa sharika zetu siku hizi hupanga safari za pwani, na ni jambo jema. Wakifika kwenye mwamba wa jamii huombwa kiingilio, na mara nyingi husikika mtu akinung'unika: kwa nini tulipie kutazama maji? Tuwafundishe jibu. Kiingilio hicho si bei ya maji. Ni sehemu ya deni letu kwa mtu aliyepita hapo alfajiri na nyavu zake bila kuzitupa. Uzuri tunaoukuta tumeupokea bure, lakini haukupatikana bure. Sisi tunaohubiri neema tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hilo, maana wokovu wetu nao ni bure kwa anayeupokea na ulikuwa ghali sana kwa aliyeutoa. Anayeijua neema haombi apunguziwe kiingilio.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa mwambani ni nini? Ni mikono yake kukaa bila kushika. Ni mapezi yake kukaa mbali na matawi. Ni kulipa kinachotakiwa kwa anayestahili kulipwa, na kununua samaki wa mvuvi wa kijiji aliyevuliwa kwa halali badala ya kuuliza kama kuna kamba mdogo wa bei nafuu. Ni kuuliza, kabla ya kuingia majini, eneo hili lilifungwa na nani na fedha zake zinakwenda wapi. Maswali hayo si ya kuharibu furaha ya safari. Kuuliza ni kupenda jirani kwa akili, si kwa moyo tu.

Tusijidanganye kwamba kutenga kunamaliza kila tatizo. Maji ya joto hayaheshimu maboya, na moshi wa viwanda vya mbali huja kuua tumbawe ambalo mama wa pweza alilihurumia. Jamii inaweza kutimiza ahadi yake yote na bado ikaamka asubuhi baada ya dhoruba ikakuta kifusi. Hapo ndipo imani inapoulizwa. Je, tulitunza kwa kuwa tulihakikishiwa faida, au kwa kuwa tulikabidhiwa? Katika bustani ya Edeni mwanadamu alipewa kazi ya kulima na kutunza (Mwanzo 2:15) kabla hajaahidiwa mavuno ya namna yoyote. Watu wa Apo walioufunga mwamba uliovunjika wametuonyesha utii wa namna hiyo: kinachotunzwa hakitunzwi kwa sababu kinapendeza leo.

Mwisho, turudi nyumbani, maana kutenga si jambo la pwani tu. Sharika zetu hutenga viwanja, misitu ya chanzo cha maji, siku, fedha na watu. Kila tunapofanya hivyo tuulize maswali yale yale matatu. Atakayebeba mzigo alikuwapo tulipoamua? Nani atakula kwanza? Na yule aliyebaki nje, yuko njia ya kurudi, au tumemtenga tukamsahau? Tukiweza kujibu maswali hayo mbele za maskini wetu bila kuinamisha macho, basi tulichokitenga kimetengwa kwa Mungu. Tusipoweza, tuitishe kikao kingine, na safari hii tumpe kiti yule mama mwenye ndoo, azungumze kabla ya mchungaji.